Jinsi ya Kutembelea Makumbusho ya Filamu ya It's a Wonderful Life, Seneca Falls

Seneca Falls ni mji mdogo wa jimbo la New York, Marekani, ulioko kati ya Syracuse na Rochester, katika eneo la maziwa marefu na membamba linaloitwa Finger Lakes. Wengi waliowahi kuusikia wameusikia kwa sababu ya mkutano wa haki za wanawake uliofanyika hapo Julai 1848. Hata hivyo, kila Desemba mji huo hupokea wageni wa aina nyingine kabisa, watu waliokuja kwa ajili ya filamu moja ya Krismasi, It's a Wonderful Life, iliyoongozwa na Frank Capra na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 1946. Mwaka 2010 yalifunguliwa hapo makumbusho ya filamu hiyo, katika barabara ya Fall, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa jumba la sinema.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu yeyote anayepanga kwenda, lakini hasa kwa familia zinazozungumza Kiswahili zinazoishi Syracuse, Rochester na Buffalo, nyingi zikiwa zimetoka Kongo na Burundi, ambazo zina makumbusho haya karibu na nyumbani na pengine hazijawahi kuambiwa kwamba yapo. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba makumbusho haya hayajitoshelezi. Atakayeingia bila kuitazama filamu ataona picha za watu asiowajua, na atakayetoka bila kuutembea mji atakuwa ameona nusu tu ya kile alichokifuata. Kwa hiyo ziara nzuri ina sehemu tatu, na ya kwanza inafanyika sebuleni kwako.

Tazama filamu kwanza, na uitazame vizuri

Filamu ina urefu wa zaidi ya saa mbili. Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na baadaye, kuanzia miaka ya 1980, zikatolewa nakala zilizotiwa rangi kwa kompyuta, jambo ambalo Capra mwenyewe alilipinga. Ninashauri uchague nakala ya nyeusi na nyeupe. Vivuli vya usiku wa theluji, nyuso katika mwanga wa taa za barabarani na giza la darajani vilipangwa kwa ajili ya rangi hizo mbili, na picha utakazozikuta makumbusho ni za namna hiyohiyo.

Kisa chenyewe kinamhusu George Bailey, anayeigizwa na James Stewart, kijana wa mji wa kubuni uitwao Bedford Falls. Ndoto yake ni kusafiri dunia nzima, lakini kila anapokaribia kuondoka hutokea jambo linalomlazimu abaki: kifo cha baba yake, kisha chama cha familia kinachohitaji kiongozi, kisha ndugu yake aliyepata kazi kwingine. Chama hicho, Bailey Brothers Building and Loan, ndicho moyo wa filamu, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida kubwa kuliko watazamaji wengi wa leo wa Marekani, kwa sababu kinafanya kazi kama SACCOS. Wanachama huweka akiba zao ndogondogo, na akiba hizo hukopeshwa kwa wanachama wengine wajenge nyumba zao badala ya kupanga vibanda vya tajiri wa mji, Bwana Potter, anayeigizwa na Lionel Barrymore.

Tazama kwa makini sehemu ambayo wanachama wanajazana mlangoni, wote wakitaka fedha zao siku hiyohiyo. George anawaeleza kwamba fedha hazimo ndani ya sefu. Zimo katika kuta za nyumba ya jirani yao na katika paa la nyumba ya mwingine. Aliyewahi kukaa katika mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo wakati uvumi umeshaenea kwamba hazina imekauka anaelewa hofu iliyomo chumbani humo, na anaelewa pia ni ujasiri gani unaohitajika kumwambia mtu aliyekasirika achukue kiasi kinachomtosha wiki moja tu. George na mkewe Mary, anayeigizwa na Donna Reed, wanatoa fedha za fungate yao ili chama kisife siku hiyo. Ukiikosa maana ya tukio hilo, sehemu iliyobaki ya filamu itakuonekea kuwa hadithi ya malaika tu, ilhali malaika Clarence anaonekana kwa sehemu ndogo ya muda wote.

Mkesha wa Krismasi, dola 8,000 za chama zinapotea, na George anafika darajani akiwa amekata tamaa ya kuishi. Wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto wanapaswa kulijua hilo mapema. Filamu hii huuzwa kama burudani ya familia, na kweli ni ya familia, lakini inamwonyesha baba akiwafokea wanawe na mtu mzima akifikiria kujitoa uhai. Itazame peke yako kwanza, kisha uamue umri unaofaa nyumbani kwako, na ukae karibu na watoto mnapofika hapo ili waweze kukuuliza. Yanayotokea baada ya darajani siyaandiki hapa, kwa kuwa mtazamaji wa mara ya kwanza anastahili kuyakuta mwenyewe.

Fahamu mji unadai nini, na kwa ushahidi gani

Wageni wengi hufika wakiamini kwamba filamu ilipigwa Seneca Falls. Haikupigwa hapo. Bedford Falls ilijengwa upya kwenye uwanja wa kampuni ya filamu ya RKO huko Encino, California, ikiwa na barabara kuu yenye urefu wa yadi 300 hivi, majengo na maduka 75, na miti ya mialoni 20 iliyokwishakomaa ambayo ilihamishwa na kupandwa hapo. Upigaji ulifanyika kati ya Aprili na Julai 1946, yaani katika joto la kiangazi cha California, na waigizaji unaowaona wamejifunika makoti katikati ya theluji walikuwa wakitokwa jasho. Uwanja huo haupo tena.

Mji wa Seneca Falls unadai jambo jingine: kwamba ndio uliompa Capra taswira ya Bedford Falls. Hoja zinazotolewa ni kadhaa. Kinyozi mmoja wa mjini alisimulia kwa miaka mingi kwamba aliwahi kumnyoa Capra katikati ya miaka ya 1940, alipokuwa akipita njiani kwenda Auburn, mji wa jirani, kumwona shangazi yake. Filamu yenyewe inaitaja miji ya Rochester, Buffalo na Elmira, ambayo yote iko katika sehemu hii ya New York. Lipo daraja la chuma linalofanana na la kwenye filamu. Ulikuwapo mtaa wa nyumba za wafanyakazi ulioitwa Rumseyville, ukikumbusha Bailey Park, mtaa wa nyumba za wanachama wa chama cha George katika filamu. Na walikuwapo wahamiaji wengi kutoka Italia waliokuja kufanya kazi viwandani, kama familia ya Martini katika filamu.

Zipime hoja hizo kwa uzito wake. Kutajwa kwa miji ya jirani ni jambo lisilopingika, kwa sababu kila mtu anaweza kulisikia katika filamu, na linatosha kuonyesha kwamba Bedford Falls iliwekwa katika eneo hili la jimbo. Simulizi ya kinyozi ni ushuhuda wa mtu mmoja. Wahamiaji wa Italia walikuwapo katika miji mingi ya viwanda ya Marekani, na Capra mwenyewe alizaliwa Sicily mwaka 1897 akaletwa Marekani akiwa mtoto mdogo, kwa hiyo hakuhitaji kupita Seneca Falls ili aijue familia ya Kiitalia inayohamia katika nyumba yake ya kwanza. Maoni yangu ni kwamba dai la mji ni la kuheshimika lakini halijathibitishwa, na mgeni anayelijua hilo hufurahia zaidi, kwa sababu anaweza kuzungumza na wenyeji kwa uaminifu badala ya kuitikia kila kitu. Muulize mhudumu kwa adabu ni lipi linalotokana na maandishi na lipi ni kumbukumbu za wazee. Swali kama hilo halimdhalilishi mtu. Humfungulia mwenye kujua nafasi ya kueleza.

Chagua wakati wa kwenda

Kila Desemba mji huandaa tamasha la filamu hii. Barabara ya Fall hupambwa, filamu huonyeshwa, hufanyika mbio za kilomita 5 zinazowavuta maelfu ya wakimbiaji, na baadhi ya waliokuwa waigizaji watoto wamekuwa wakija kuzungumza na wageni na kutia saini picha, akiwamo Karolyn Grimes, aliyemwigiza Zuzu, binti mdogo wa George. Ukitaka msisimko na kukutana na watu walioiona filamu ikitengenezwa, nenda wakati huo, ukijua kwamba vyumba vya hoteli mjini ni vichache na huwahi kujaa. Tafuta malazi miezi kadhaa kabla, na ukikosa Seneca Falls yenyewe jaribu Waterloo, Geneva au Auburn, ambako si mbali kwa gari.

Ukitaka makumbusho yenyewe, chagua siku nyingine. Chumba kidogo chenye watu wengi hakisomeki. Utasukumwa kutoka kabati hadi kabati, na mhudumu hatakuwa na nafasi ya kukueleza chochote. Siku ya kawaida, nje ya wikiendi ya tamasha, ndiyo siku ambayo mtu aliyeko mlangoni atakusindikiza na kukusimulia. Kwa kuwa makumbusho madogo ya namna hii hutegemea sana watu wa kujitolea, saa za kufungua hubadilika kulingana na majira ya mwaka, na hali ya hewa inaweza kuyafunga bila taarifa ndefu. Angalia tovuti yao wiki moja kabla, kisha piga simu asubuhi ya siku ya safari. Hatua hiyo ya dakika mbili ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

Kufika

Gari ndilo usafiri wa uhakika. Kutoka Syracuse au Rochester ni mwendo wa saa moja hivi. Kutoka Buffalo ni karibu maradufu ya hapo. Kutoka Jiji la New York ni zaidi ya saa nne. Barabara kuu ya kulipia, New York State Thruway, inapita kaskazini ya mji, na njia ya kutokea ni namba 41, kisha unashuka kusini kwa barabara namba 414. Malipo ya Thruway hayafanyiki tena kwa fedha mkononi. Kamera husoma namba ya gari na bili humfuata mwenye gari, kwa hiyo ukikodi gari uliza mapema kampuni inatoza vipi. Treni ya abiria haifiki Seneca Falls. Anayetoka mbali kwa treni au ndege ashukie Syracuse au Rochester, akodi gari hapo au aende na mwenyeji.

Desemba giza huingia mapema mno kwa mtu aliyezoea nchi za ikweta: jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni. Pia theluji ya eneo hili ina tabia yake. Upepo wa baridi unapopita juu ya Ziwa Ontario, ambalo maji yake bado yana joto la vuli, huchukua unyevu na kuumwaga nchi kavu kwa mistari membamba, hivi kwamba unaweza kuondoka penye jua na baada ya kilomita 20 usione gari lililo mbele yako. Soma utabiri wa njia yako nzima, si wa mji unakokwenda tu. Weka ndani ya gari blanketi, maji, chaja ya simu na koleo, na onyo likitolewa, ahirisha safari. Makumbusho yatakuwapo wiki ijayo.

Kuhusu mavazi, sehemu nzuri ya ziara hii hufanyika nje, kwa miguu. Buti zisizopenyeza maji na zenye soli isiyoteleza zina faida kuliko koti la gharama, kwa sababu barafu ya kwenye daraja la chuma haionekani mpaka uikanyage. Ongeza soksi nzito, glavu na kofia inayofunika masikio.

Ndani ya makumbusho

Usitarajie kumbi kubwa. Saa moja hadi saa moja na nusu inatosha kwa mtu anayesoma maelezo yote, na thamani ya mahali hapa inategemea jinsi unavyoangalia. Ninashauri ufuate mpangilio wa historia kichwani mwako, hata kama kabati zimepangwa vingine.

Anza na chochote kinachohusu hadithi ya awali. Mwandishi Philip Van Doren Stern aliandika hadithi fupi iitwayo The Greatest Gift, akakosa mchapishaji, na Krismasi ya mwaka 1943 akaichapisha mwenyewe nakala 200 na kuwatumia jamaa na marafiki kama kadi ya sikukuu. Haki za hadithi hiyo zilinunuliwa na RKO kisha zikamfikia Capra. Kila kitu kingine utakachokiona katika chumba hicho kimetokana na kijitabu kilichotumwa kwa posta kwa watu 200, na ni vyema kulikumbuka hilo unapoanza.

Kisha zitafute picha za utengenezaji. Uliza kuhusu theluji, kwa kuwa hapa ndipo filamu hii ilipoacha alama katika ufundi wa sinema. Kabla yake, theluji ya bandia mara nyingi ilikuwa vipande vya nafaka za mahindi vilivyopakwa rangi nyeupe, vilivyolia chini ya viatu kiasi kwamba mazungumzo yalilazimika kurekodiwa upya baadaye. Capra alitaka sauti za waigizaji zinaswe palepale. Mafundi wa RKO, wakiongozwa na Russell Shearman, wakachanganya dawa ya povu ya kuzimia moto, sabuni na maji, wakaupuliza mchanganyiko huo kwa shinikizo kupitia mashine za upepo, ukaanguka kimya na kung'ang'ania kwenye nguo na matawi. Taasisi ya tuzo za Oscar iliitunuku kazi hiyo kwa ufundi. Ukishajua hayo, kila picha ya theluji ukutani inabadilika: unaanza kuona povu likiwa begani mwa mtu anayesikia joto.

Mtazame pia James Stewart. Alikuwa amerudi kutoka Vita ya Pili ya Dunia, alikokuwa rubani wa ndege za mabomu na kushiriki mashambulizi kadhaa juu ya Ujerumani, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza baada ya vita. Mlinganishe na picha zake za kabla ya vita kama zipo, au zitafute kwenye simu yako ukiwa hapohapo. Ninaamini kwamba uchovu wa George pale baa, anapoomba dua huku machozi yakimtoka, haukutokana na uigizaji peke yake.

Vitu vinavyomhusu Zuzu huwavuta wageni kuliko vyote. Karolyn Grimes alikuwa na umri wa miaka 6 hivi alipocheza nafasi hiyo, na amekuwa mstari wa mbele kuyaunga mkono makumbusho haya. Wageni wanaoikumbuka filamu watatafuta petali za ua la Zuzu, zile ambazo baba yake anazificha mfukoni asimhuzunishe mtoto. Kama umekwenda na watoto, waeleze tukio hilo kabla hamjafika kwenye kabati, na waache wao wawe wa kwanza kuzigundua picha zake.

Mwisho tenganisha vitu vya mwaka 1946 na vitu vya miaka ya baadaye. Filamu ilipotoka haikuleta faida. Iliteuliwa kuwania tuzo tano za Oscar, ikiwamo ya filamu bora, na haikupata hata moja kati ya hizo. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, na vituo vya televisheni vikagundua kwamba vinaweza kuionyesha bila kuilipia filamu yenyewe. Vikaionyesha mfululizo kila Desemba, mpaka kizazi kizima cha Wamarekani kikakua kikiamini kwamba Krismasi haikamiliki bila hiyo. Mwaka 1993 kampuni moja ilirejesha udhibiti kwa kutumia haki za hadithi ya awali na muziki, lakini kufikia hapo mapenzi yalikuwa yamekwishakita mizizi. Kwa hiyo bango la mwaka 1946 ni shahidi wa filamu iliyokuwa ikihangaika kutafuta watazamaji, ilhali mapambo, sahani na wanasesere ni mashahidi wa filamu iliyopendwa miaka 30 au 40 baadaye. Vyote vinastahili kuwekwa, lakini havisemi jambo moja.

Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa, na uzime taa ya kamera, kwa maana karatasi za zamani huharibika kwa mwanga. Beba fedha taslimu kwa ajili ya mchango na kwa duka la zawadi. Bei unayoiona kwenye kibandiko si ya mwisho. Kodi ya mauzo huongezwa wakati wa kulipa. Ikiwa bajeti ni ndogo, kengele moja ndogo ya kutundika kwenye mti ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu inahusiana na filamu moja kwa moja, na utaielewa zaidi ukifika darajani.

Kutoka makumbusho hadi darajani

Daraja liko hatua chache kutoka katikati ya mji, katika mtaa unaoitwa Bridge, juu ya mfereji wa Cayuga na Seneca. Katika filamu, kila kengele inapolia malaika mmoja hupata mabawa, na wageni wamezoea kufunga kengele kwenye vyuma vya daraja hilo. Ukitaka kufunga ya kwako, ifunge mahali ambapo haitawazuia wanaopita wala kuanguka majini.

Usiondoke bila kusoma bamba lililoko hapo. Linamkumbuka Antonio Varacalli, mhamiaji kijana kutoka Italia ambaye Aprili 1917 aliruka majini kumwokoa mwanamke aliyekuwa amejitupa mtoni. Mwanamke alipona, Varacalli alikufa maji. Wenyeji wengi wanaamini kwamba Capra alilisoma bamba hili na kwamba tukio la darajani katika filamu lilichipuka hapo. Hata kama hakuwahi kulisoma, habari ya Varacalli ni ya kweli na haihitaji filamu ili iheshimiwe. Wape watoto muda wa kulisoma wenyewe, na usimame hapo kwa utulivu, maana wengine huja mahali hapo wakiwa na majonzi yao binafsi.

Ukiwa darajani utajiuliza maporomoko yaliyoupa mji jina yako wapi. Hayaonekani tena. Mwaka 1915, mfereji ulipopanuliwa, eneo la chini lililokuwa na viwanda na nyumba lilisafishwa na kufunikwa na maji, likawa ziwa la kutengenezwa liitwalo Van Cleef, na maporomoko yakazama pamoja nalo.

Ukibakiwa na saa mbili za mwanga, zitumie kwa historia ya mwaka 1848. Kanisa la Wesleyan, ambamo Elizabeth Cady Stanton na wenzake waliitisha mkutano wa haki za wanawake, liko katika barabara ileile ya Fall, chini ya uangalizi wa idara ya hifadhi za taifa, na kuingia ni bure. Azimio la mkutano huo lilitiwa saini na watu 100, wanawake 68 na wanaume 32, na mmoja wao alikuwa Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye wakati huo alikuwa akichapisha gazeti lake Rochester. Ng'ambo ya mfereji, katika jengo la mawe lililokuwa kiwanda cha kufumia, kuna Ukumbi wa Taifa wa Heshima kwa Wanawake. Hakikisha saa za kufungua za sehemu zote mbili, kwani majira ya baridi hupunguzwa. Kwa mtu mwenye siku moja tu, ningeliweka kanisa mbele ya ukumbi.

Mikahawa ya katikati ya mji inatosha kwa chakula cha mchana, lakini baadhi hufungwa siku za mwanzo wa wiki. Familia zinazokula halali au zenye watoto wachaguzi zifungashe chakula na chai ya chupa kutoka nyumbani. Maduka makubwa na vituo vya mafuta viko nje kidogo ya katikati ya mji. Jaza tangi kabla ya kuingia Thruway, hasa kama theluji imetabiriwa usiku.

Atakayependa kuendelea na filamu hii siku nyingine anaweza kwenda Indiana, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania alikozaliwa James Stewart mwaka 1908. Huko kuna makumbusho yaliyowekwa kwa ajili yake, yaliyofunguliwa mwaka 1995, na yanahusu maisha yake yote, kuanzia duka la vifaa vya ujenzi la baba yake hadi kazi yake jeshini na filamu zake nyingine. Ni safari ndefu kwa gari kutoka Seneca Falls, kwa hiyo ipangie siku yake na malazi yake, na ikiwezekana iwe baada ya theluji kuyeyuka.